Maziwa ya Felisian

Tereza wa Makoko hakuogopa maneno. Maneno ndiyo yalimwogopa yeye. Miaka ishirini alianika dagaa kwenye mchanga wa ziwa, na mchuuzi aliyejaribu kumpunja aliondoka ameoshwa bila sabuni.

Siku lori la dizeli lilipopinduka barabarani, mafuta yaliteremka na mtaro mpaka ziwani, mchanga ukawa mweusi. Mkandarasi wa usafishaji akaajiri kinamama wayachote kwa ndoo na kuyafyonza kwa maranda ya mbao. Tereza akaingia, akamvuta na Rhobi, binti wa marehemu dada yake.

Kila asubuhi msimamizi, Felisian, alileta dumu la maziwa. Kikombe kwa kila mtu, kisha kazini, mikono mitupu, pua wazi.

"Maziwa yanaua sumu," alisema, na katika Mara nzima nani anabishana na maziwa? Tereza mwenyewe alimjazia Rhobi kikombe cha pili.

Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Rhobi alishika kichwa, akayumba, akapiga magoti na kutapika. Maziwa yakatoka meupe vilevile. Tereza akayatazama, kisha akaitazama mikono ya binti, imebabuka mpaka viwikoni. Moyo ukamchoma. Mtoto wa dada, na kikombe nimempa mimi!

Akamkokota mpaka penye hewa safi, akamvua kitenge kilicholowa dizeli, akamwosha kwa sabuni, akampakia bodaboda kwenda zahanati na jirani. Akarudi, akapindua ndoo, akaikalia.

"Mama Gody, mbona umekaa?" Felisian alimpazia Tereza sauti kutoka juu ya tuta, alikosimama siku zote.

"Baba, umekunywa maziwa leo?"

"Nimekunywa."

"Basi shuka uchote. Kila siku unasimamaga huko upepo unakotokea. Unaogopa nini, na sumu imeshakufa?"

Kinamama wakaangua kicheko. Mmoja akakalia ndoo yake, na mwingine, mpaka ndoo zote zikawa viti.

"Nitaita watu wengine!"

"Waite. Tutawaambia Rhobi yuko wapi."

Felisian akashuka, uso umemvimba. Akachota ndoo nne. Ya tano hakuifikisha. Alikohoa mpaka machozi. Akapanda tuta, akapiga simu, na safari hii hakutaja maziwa.

Kesho yake zikaja glavu ndefu, mabuti, barakoa zenye vichujio, na zamu fupi za kazi, upepo ukiwa mgongoni. Nesi alimpumzisha Rhobi wiki nzima, akasema kifua chake ki salama.

Jumatatu binti akarudi. Tereza alimkagua glavu kama anayekagua dagaa wa kununua, akavuta hii, akakaza ile.

"Mamdogo, zinatosha!"

"Nyamaza. Viwiko vyako navijua."

Felisian alisimama na dumu lake, hajui aliweke wapi. "Sasa haya niyamwage?"

"Umwage maziwa? Una wazimu, baba? Mimina! Ila kesho lete na maandazi. Haya ni kifungua kinywa, siyo glavu."