Alama Niliyoweka Kwenye Alteneta

Mimi ni mtu wa shaka. Maziwa nayanusa hata kama nimemwona ng'ombe akikamuliwa, na mtoto akiniletea kazi safi mno namuuliza nani amemfanyia. Miaka mingi ya kufundisha shule ya msingi hapa Bariadi imeizidisha tabia hiyo, lakini sikuipata shuleni. Nimezaliwa nayo, na kwa muda mrefu niliiona kuwa ni akili. Nasema hivi mapema ili ijulikane kwamba katika habari hii sina wa kumlaumu.

Baba alipofariki aliniachia pikapu yake, ya zamani kuliko ndoa yangu, aliyoinunua kwa pesa za pamba enzi analima Mwamanyili. Kaka zangu hawakuitaka. Pamoja na pikapu nilirithi fundi wake, mzee aliyekuwa rafiki wa baba tangu ujana wao. Nilimwita baba mdogo, naye aliniita mwanangu. Gereji yake ilikuwa mabati machache juu ya nguzo, haina kibao wala uzio. Magari ya watu yalilala pale na hakuna aliyewahi kukosa hata nati moja. Mafundi wenye kompyuta za kupimia magari walishafungua kando ya barabara kuu, lakini bado watu walikwenda kwa mzee kwa sababu ulichokiacha ndicho ulichokikuta. Hakuwa na mali nyingine zaidi ya uaminifu huo.

Mwaka jana, mvua zilipoanza, taa ya chaji kwenye dashibodi ikawa inawaka wakati injini inaunguruma. Mzee akafungua boneti, akasikiliza, akasema kaboni za alteneta, kile kifaa kinachochaji betri, zimekwisha. Aliifungua alteneta, akailaza juu ya gunia, akapanda baiskeli kwenda dukani kutafuta kaboni. Mimi nikavuka barabara nikakaa kwenye kibanda cha chai.

Pale kibandani alikuwepo mfanyabiashara wa choroko, naye alikuwa anamsimulia mama wa chai habari za mafundi wa mjini. "Siku hizi unapeleka gari na kifaa chake cha asili," alisema, "unarudishiwa kopo la bandia. Hivi vya zamani vina shaba nyingi, vinatafutwa." Hakumtaja mtu, na mama wa chai hakuuliza. Lakini mimi nilishaweka kikombe chini. Niliitazama alteneta ya baba ikiwa peke yake juu ya gunia, nikaona kabisa jinsi itakavyouzwa.

Kwenye mkoba nilikuwa na rangi ya kucha, nyekundu, niliyomnunulia binti yangu kwa ajili ya harusi. Nilivuka barabara. Sikutaka kuweka alama mahali ambapo mzee angeiona akaifuta, kwa hiyo nilitafuta mafichoni: kwenye masikio ya alteneta, pale inapobanwa na bolti, na chini kabisa, pale unapokaa waya mnene mweusi unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Nilipaka vizuri, ikakauka, nikapaka tena. Jua la Simiyu halina mchezo, dakika chache rangi ilikuwa ngumu. Nikarudi kwenye chai yangu na kuagiza chapati. Nilijiona mjanja kupita kiasi.

Mzee alirudi, akaweka kaboni, akaifunga alteneta. Macho yake hayakuwa ya ujana tena, na sehemu kubwa ya kazi aliifanya kwa kupapasa. Hakuwa na mita ya kupimia umeme. Alipima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, akazigusisha kwenye alteneta yenyewe, balbu ikang'aa. "Inatoa umeme, mwanangu," alisema. "Nenda, betri itashiba njiani." Taa ya dashibodi ilikuwa imefifia lakini haijazimika. Niliiona, nikaiweka moyoni.

Siku ya tatu betri ilikuwa imekufa. Walimu wenzangu walilisukuma gari hadi likawaka, nami nikafungua boneti na kumulika kwa tochi ya simu. Nilikuwa nimetegemea ukingo wa ile rangi uchungulie kidogo. Niliona grisi na vumbi. Badala ya kufikiri kwamba alama niliyoificha imefichika, nilifikiri haipo.

Kesho yake asubuhi nilikwenda gereji. Kibandani watu walikuwa wamejaa, wanakunywa chai kabla ya kazi.

"Mwangaluka, mwanangu," mzee alinisalimia.

Sikuitikia. Anayetujua sisi Wasukuma ataelewa kwamba tusi lilianzia hapo.

"Alteneta yangu iko wapi?"

"Si hiyo hapo kwenye gari."

"Hiyo siyo. Ya baba niliiwekea alama, na alama haipo."

"Alama?" Alilitamka neno hilo polepole. "Uliweka alama hapa kwangu?"

"Niliweka, tena nilifanya vizuri. Umeuza ya baba ukaniwekea kopo. Mwizi ni mwizi hata akiwa na mvi."

Kibandani vikombe vilitulia. Mzee alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema, "Basi niifungue, tuitazame wote mbele ya hawa watu."

"Ili upate nafasi ya kuipaka?" nilimjibu, nikapanda gari nikaondoka. Hadi leo sijui nilitaka afanye nini. Kila mlango aliotaka kuufungua niliufunga mimi.

Nikapeleka gari Maswa, mtaa wa Binza, kwa fundi asiyenijua. Nilikaa juu ya jiwe hatua mbili kutoka kwake na sikuondoa macho kwenye mikono yake. "Dada," alisema akicheka, "mbona unanikodolea hivyo? Unadhani nitameza spana?" Sikucheka. Yeye alikuwa na mita. Injini ikiwaka aliweka ncha zake kwenye betri, tukasoma volti kumi na mbili na nukta kidogo. Akaziweka kwenye alteneta, moja panapotokea umeme, nyingine kwenye mwili wake, tukasoma kumi na nne na nusu.

"Alteneta yako nzima kabisa," alisema. "Tena hii ni ya enzi zile, hazipatikani. Umeme inautoa, ila hauna njia ya kurudi. Kuna kitu kimeziba."

Niliinuka kwenye jiwe, nikasogea. Alifungua nati ya ule waya mweusi, akaugeuza, akanionyesha. Chini yake palikuwa pekundu na pamekwanguka kidogo tu, ndiyo maana chaji ilikuwa inapita kwa kuibia. Akalegeza bolti. Kwenye masikio, nyekundu tena.

"Nani kakufanyia hivi?" aliuliza. "Una mtu anakuonea wivu?"

"Sijui," nikasema.

Alichukua msasa akasugua mpaka chuma kikang'aa, akafunga. Taa ya dashibodi ilizimika mara moja. Mita kwenye betri ilisoma kumi na nne. Nilimshukuru, nikaendesha hadi Bariadi nikiwa nimeushika usukani kwa nguvu kana kwamba mtu anataka kuninyang'anya. Nilikuwa na aibu, na nilikuwa na hasira, na aibu ilikuwa kubwa zaidi.

Siku mbili nilipita njia nyingine kukwepa gereji. Siku ya tatu, jioni watu wameshatawanyika, nilikwenda. Chini ya yale mabati hapakuwa na gari hata moja. Lori la mfanyabiashara wa choroko, lililokuwa pale likisubiri gia boksi, lilikuwa limevutwa kwa kamba hadi barabara kuu. Nilipiga magoti kama nilivyokuwa nikimpigia baba, nikamweleza yote: rangi, gunia, Binza.

Alisikiliza hadi mwisho. "Nimekusikia, mwalimu," alisema. Hakuwahi kuniita hivyo. "Kunitukana ulinitukana asubuhi, watu wanakunywa chai. Kuniomba radhi umekuja jioni, hakuna mtu."

Kesho yake asubuhi nilisimama kibandani, kibanda kimejaa, nikasema kwa sauti ninayoitumia darasani. Nikasema mzee hakuiba. Nikasema rangi niliipaka mimi, ikaziba umeme, nikamsingizia. Nilitegemea wangenicheka, na nilikuwa tayari kuchekwa.

Hakuna aliyecheka. Mama wa chai alinishika mkono, akanivuta pembeni. "Mayu, mama," alisema kwa sauti ya chini, "amekutisha?"

"Hajanitisha. Nasema kweli."

"Sawa," alisema, huku anatazama ng'ambo ya barabara. Mfanyabiashara wa choroko naye alikuwa amesogea kwenye benchi, kaacha nafasi kati yangu na yeye. "Hawa wazee wanajua mambo," alisema. "Jana mwizi, leo malaika. Mwalimu, kaombewe."

Nilieleza tena. Nilieleza habari ya mita, kumi na mbili na kumi na nne, nikachora kwa kidole juu ya meza jinsi umeme unavyozunguka. Kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyoniangalia kwa huruma. Niliyajua macho yale. Mimi nimewatazama hivyo watoto wengi ambao walikuwa wanasema kweli.

Nilivuka barabara. Mzee alikuwa amekaa juu ya tairi, bila shaka alikuwa amesikia sauti yangu, pengine na kimya kilichofuata.

"Nimesema," nikamwambia.

"Wameamini?"

Nilitaka kumdanganya nikashindwa. Nikamwambia hapana. Alitikisa kichwa, hakushangaa. Nikamwomba, kwa kuwa sikuwa na lingine la kumpa, anibadilishie oili, niliache gari kwake hadi jioni watu walione.

Aliinuka, akaja, akafungua boneti. Nilidhani anatafuta kijiti cha kupimia oili. Kumbe alisimama wima kuelekea kibandani, akanyoosha kidole ndani ya injini na kupaza sauti, akihesabu vifaa kabla ya kulipokea gari, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mteja.

"Betri, ipo. Umeiona?"

"Baba mdogo, tafadhali."

"Umeiona, mwalimu?"

"Nimeiona."

"Stata, ipo. Alteneta ya marehemu, ipo. Umeiona?"

Sauti yake ilikuwa ya mtu mzima anayejizuia asilie. Kule kibandani walikuwa wamegeuka wote.

"Nimeiona," nikasema.

"Sema kwa nguvu. Hawajakusikia."