Askari Aliyesema kwa Sauti ya Mwalimu

Kosa hili nililifanya nikiwa na miaka sabini na moja, kwa hiyo siwezi kusingizia ujana.

Jumapili baada ya ibada, wazee tunaozungumza Kiswahili hapa Bertrams, Johannesburg, hukusanyika kwenye ukumbi wa kanisa kutazama sinema. Mimi hushika kipaza sauti na kutafsiri palepale, kazi niliyojifunza katika kibanda cha video Morogoro, kabla sijaoa mkimbizi wa siasa kutoka huku na kumfuata kwao. Mtafsiri mzuri huongeza chumvi kidogo. Mimi huongeza gunia.

Siku hiyo ilikuwa sinema ya zamani ya Kimarekani, isiyo na rangi, iliyotokana na riwaya nene ya Kifaransa. Mtu ameiba mkate, amefungwa, amegeuka kuwa mwema, lakini kuna askari asiyemwachia apumue. Aliyeileta ni rafiki yangu kutoka Bukavu, mwalimu mstaafu.

“Usiiharibu, vieux, mzee wangu,” aliniambia. “Ile kitabu niliifundisha miaka makumi mbili.”

Hapa Johannesburg hakuwahi kufundisha. Alilinda magari ya wateja Fordsburg mpaka magoti yakamkatalia, na wenye magari walimwita kwa mluzi. Ukumbini kwetu tu ndiko alikoitwa Mwalimu, na ndiko alikosahihisha kila mtu kwa kidole: “Non, non, non. Sikia vizuri.” Hayo yote niliyajua.

Basi askari wa kwenye sinema alipofungua mdomo, nikampa sauti hiyohiyo. “Non, non, non. Sikia vizuri. Mkate ni mkate!”

Ukumbi ulilipuka. Mama mmoja wa Kirundi alipiga makofi. “Ni yeye! Ni yeye kabisa!”

Mwalimu mwenyewe alitabasamu. Hapo ningeacha. Lakini kicheko cha watu kwangu ni kama sukari, sijui kuonja na kuacha. Nikaendelea naye saa nzima, mpaka askari alipozidiwa na dhamiri yake na kujitupa mtoni. Hata huko nikamfanya ayakemee maji: “Non, non, non! Maji gani haya hayana adabu?” Watu walicheka hadi machozi. Taa zilipowashwa, kiti cha Mwalimu kilikuwa kitupu.

Njiani kurudi nyumbani, tuliposimama kwenye taa za robot, mke wangu hakunitazama.

“Eish, baba. Leo umemvua mtu nguo mbele za watu.”

“Ulikuwa mzaha tu.”

“Mbona hukujiiga mwenyewe?”

Taa ilikuwa nyekundu muda mrefu.

Jumapili mbili hakuja. Ya tatu ilipokaribia nilikwenda kwake. Alizungumza nami geti la chuma likiwa limefungwa.

“Unakuya kufanya nini hapa?”

“Kuomba radhi, Mwalimu.”

“Ulinicheka wapi? Hapa mlangoni?”

“Ukumbini.”

“Basi unajua fasi ya kuombea. Nitakuya kusikiliza. Kama ni mbaya, narudi nyumbani.”

Jumapili nilisimama mbele ya televisheni bila kipaza sauti. Nilisema kwamba nilimdhihaki mtu aliyenizidi elimu, kwa sababu alinizidi elimu. Nilisema nilijua alikuwa na mahali pamoja tu pa kuheshimiwa katika jiji hili, nami nikapageuza pa kuchekwa. Yule mama wa Kirundi aliinamisha kichwa. Mwalimu alikuwa kwenye kiti cha mbele, mikono kifuani, akinisikiliza kama mtahini.

“Umemaliza?”

“Nimemaliza, Mwalimu.”

“Sasa ikala. Unazuia televisheni.”

Nikakaa, naye akabaki mpaka mwisho wa sinema. Lakini wapo wawili watatu ambao hadi leo, wakimwona anaingia, hunong’ona “Askari” na kunitazama mimi wakingoja nicheke. Siku nyingine, Mungu anisamehe, inanibidi niume shavu kwa ndani.