Abiria wa Rosalie Hruska

Rosalie Hruska alikuwa ameendesha lori la nafaka la ushirika wetu miaka thelathini na moja, na sikumbuki siku hata moja aliyokuwa amechelewa. Mimi nilikaa kwenye mizani. Alipanda na mzigo wa mahindi, nikaandika uzito, akasema "Haya," akashuka. Hatukuwa watu wa maneno mengi. Lakini ikipita pikipiki kubwa barabarani, zile za kukaa chini, miguu mbele, usukani mpana kama pembe za fahali, Rosalie alizima redio ya lori asikilize mlio mpaka uishe wote.

"Iko siku," alikuwa akisema.

Aliyeizuia siku hiyo ni baba yake. Mzee Hruska alipooza mwili Rosalie akiwa na miaka thelathini na minane, ulimi nao ukafungwa, na hakukubali kuoshwa wala kulishwa na mkono mwingine ila wa Rosalie. Aliishi hivyo miaka kumi na tisa. Tulimzika mwezi wa tatu, korongo wakipita juu ya makaburi kwa maelfu kuelekea mtoni, hata padri ikabidi anyamaze mpaka wapite. Mwezi wa tano Rosalie alikuwa na pikipiki.

Hakununua mpya. Hapa Nebraska hatununui kipya wakati cha zamani bado kinatembea. Aliipata kwa Wilma Dostal, bibi mmoja wa mashambani kaskazini, ikiwa chini ya turubai ghalani: nyeusi, vyuma vinameta, imetunzwa kama sahani za harusi. Tena rahisi mno.

"Mbona unaiuza, mama?" Rosalie alimuuliza.

"Leonard haendeshi tena."

"Mzee anaumwa?"

"Wala. Yuko ndani anatazama besiboli." Bibi alimtia ufunguo kiganjani kabla hajauliza jingine. "Wewe ipe mwendo tu, mwanangu. Haipendi kusimama."

Wiki ya kwanza sijapata kumwona Rosalie vile. Alikuja kazini ana mistari ya miwani usoni na wadudu kwenye meno, anacheka peke yake. Alinunua koti la ngozi. Alianza kuwapungia waendeshaji wenzake kwa namna yao, mkono wa kushoto chini, vidole viwili.

Jumamosi ya pili, saa sita mchana, alisimama kwenye njia panda tunayoiita ya Mtakatifu Prokopi. Pale hapana kitu, ni alama ya kusimama na mashamba. Akaweka mguu chini, akatazama kulia na kushoto. Ndipo nyuma ya pikipiki ikabonyea.

Ilibonyea taratibu, mara mbili, kama mtu anayepandisha mguu mmoja kisha kujiweka sawa kitini. Rosalie aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, jua linakipiga. Alitazama kioo: barabara, vumbi lake mwenyewe, mbingu. Akajiambia ni shokapu, akaendelea. Kona ya kwanza ya kushoto, pikipiki ikakataa. Alipoilaza, uzito ukavuta upande wa pili, mpaka akatoka nje ya mstari na kukwaruza kwenye kokoto.

Aliipeleka kwa Emil Pavelka, fundi wetu wa matrekta na kila chenye injini. Emil aliitundika, akazungusha magurudumu, akapima upepo wa matairi, akafungua shokapu zote mbili.

"Dada, hii pikipiki nzima kuliko mimi," alisema.

"Inabonyea nyuma."

"Umekula maandazi ya kolache mangapi wiki hii?"

"Emil, sitanii."

"Mimi nami sitanii. Kolache za mama yako mdogo zile za plamu zingebonyeza hata treni."

Rosalie alicheka ili yaishe. Lakini kila alipopita njia panda ile, na hata alipoizunguka akapita nyingine, ikifika saa sita nyuma ilishuka. Kushoto pikipiki haikutaka. Kulia ilikwenda kwa hiari, kabla hajaielekeza.

Mwezi wa saba alijiunga na kundi la waendeshaji kumi na wawili, safari ya mchana ya kwenda kula. Aliyekuwa nyuma yake njia nzima ni Duane Sorbel, mtu mzito, dereva wa mabasi ya shule aliyestaafu, asiyejua mzaha hata kidogo. Walipoegesha, watu wakaingia kwenye kivuli wakaanza ubishi wa siku zote: ununue mpya au iliyotumika? Mmoja akasema yeye hununua mpya kwa sababu ya dhamana. Mwingine akasema breki za siku hizi hazimtupi mtu. Wa tatu, mama mmoja mwenye nywele nyeupe, akasema anapenda harufu tu, ile harufu ya injini ikiunguza rangi yake mara ya kwanza. Wakamcheka. Duane hakucheka. Alimvuta Rosalie kando.

"Nisikilize, usinichukulie vibaya. Mwambie abiria wako aegemee pamoja nawe kwenye kona. Anaegemea kulia kila mara. Atawaua nyote wawili."

"Yuko wapi sasa, msalani?" Duane akauliza, akitazama huku na huku.

"Duane, yukoje?"

"Yukoje vipi? Abiria wako unaniuliza mimi?" Kisha akakunja uso, kama mtu anayetafuta jina lililomtoka. "Sijui. Nilitazama namna anavyoegemea tu."

Rosalie hakurudi na kundi. Alipanda akaenda moja kwa moja kwa Wilma Dostal.

Bibi alikuwa akianika shuka. Aliposikia mlio aliziacha zikaanguka majanini. Mlango ukafunguliwa, akatoka Leonard mwenyewe, mzee mrefu mwenye soksi bila viatu. Hakumtazama Rosalie. Alitazama nyuma ya mgongo wake.

"Bado yupo?" Leonard akauliza.

"Nani?"

"Ningemjua ningemwambia ashuke."

Wakaketi barazani. Wilma akaleta chai ya barafu ambayo hakuna aliyeigusa. Waliinunua kwa mtu wa Kansas, akasema Leonard, mtu ambaye hakubishana bei, na alipokabidhi ufunguo alisema maneno yaleyale: ipe mwendo tu, haipendi kusimama. Huyo naye aliinunua kwa mwingine. Leonard alivumilia misimu miwili. Siku moja, kwenye kona ya kushoto, nusura aingie chini ya lori la ng'ombe, akaifunika turubai.

"Mama," Rosalie akasema, na sauti yake, ingawa hakupiga kelele, ilimfanya bibi ashike kifua, "mmeniuzia mtu."

"Nisamehe, mwanangu. Tulidhani labda ni sisi. Labda ni uzee."

"Na mimi nimuuzie nani?"

Wilma akainuka, akaenda kuokota shuka zake majanini.

Aliniambia baadaye kwamba hasira yake haikufika nyumbani. Njiani alianza kufikiri kitu kingine. Miaka kumi na tisa alimgeuza baba yake kitandani asubuhi na jioni, na mzee hakuweza kusema anataka kulalia upande gani. Rosalie alijifunza kumsikia mikononi. Mwili ulikuwa na uzito wake wa kukubali na uzito wake wa kukataa. "Mtu asiyeweza kusema," aliniambia, "husema kwa uzito. Na mimi miezi miwili nilikuwa nabishana naye."

Jumapili, baada ya misa, alikwenda njia panda ya Mtakatifu Prokopi kabla ya saa sita, akasubiri. Mahindi yalikuwa yamepita kichwa cha mtu, barabara imekuwa kama korido isiyo na dari. Upepo haukuwepo. Ilipofika saa sita, nyuma ikashuka.

"Haya," akasema. "Twende unakotaka."

Akalegeza mikono. Pikipiki ikalala kulia. Maili moja, njia panda nyingine, kulia tena. Maili moja, kulia. Barabara zetu zimekatwa miraba, kila maili kona, na mtu akikata kulia mara nne amerudi alipoanza. Walirudi. Wakazunguka mara ya pili, mwendo uleule. Rosalie alianza kuhisi baridi mgongoni katika joto lile, baridi yenye umbo, pana mabegani na nyembamba kiunoni, na alijua kwamba akisimama sasa na kugeuka angeona kitu. Hakugeuka. Alikaza macho mbele akaomba Salamu Maria kwa Kicheki, kama bibi yake alivyomfundisha.

Mzunguko wa tatu, upande wa kusini wa mraba, uzito ukavuta kulia pasipo na kona. Akabana breki. Kando ya barabara, katikati ya mahindi, kulikuwa na kichaka cha mililaki, vile vichaka vya maua vinavyobaki palipokuwa na nyumba zamani, mkulima akilima huvizunguka tu. Aliweka miguu yote chini.

"Kama ni hapa, shuka."

Injini ilinguruma. Majani ya mahindi yalisuguana, ingawa hakuna upepo. Kisha nyuma ikainuka, polepole mno, kama mtu mwenye maumivu ya nyonga anayetoa mguu mmoja na kupumzika kabla ya kutoa wa pili. Na Rosalie, bila kukusudia, akajikuta anasema lile neno alilomwambia baba yake kila siku akimshusha kitandani: "Taratibu. Taratibu."

Mahindi yaliyo karibu na kichaka yakatengana, upana wa mtu mmoja, yakafunga.

Aliondoka. Pikipiki ilikuwa nyepesi hata ikamponyoka, akayumba barabara nzima. Alifika kwa Emil analia, akamwambia aivunje, aliyeshuka asipate pa kupanda tena.

"Dada, una wazimu? Hii hata leo nakupatia wanunuzi hamsini."

"Ndiyo maana nataka uivunje."

"Basi niachie injini."

"Hata boliti, Emil. Hata boliti moja."

Emil alimtazama usoni, akachukua spana. Jumatano chuma chote kilipelekwa kusagwa, na Rosalie aliendesha lori nyuma ya gari la chuma chakavu mpaka akaona kwa macho yake.

Alikwenda pia kwenye ofisi ya ardhi kuuliza ile nyumba ya mililaki ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya watu waliohama miaka ya vumbi, ule ukame wa zamani uliopeperusha udongo wa mashamba, kabla baba yake hajazaliwa, wote wakiwa hai. Hakuna aliyekufa pale, hakuna aliyekuwa na pikipiki. Karani alimpa jina lao, lakini Rosalie hakulipata popote pengine. Mwezi wa kumi, mkulima wa shamba lile alipovuna, alinieleza mizanini kwamba ndani ya mililaki ardhi imekanyagwa ngumu kama sakafu, na kwamba mbwa wake alikataa kushuka kwenye gari. Nikaandika uzito wake.

Kabla theluji haijaanguka, Rosalie aliingia dukani mjini Lincoln kununua pikipiki mpya. Muuzaji, bwana wa makamo mwenye masharubu yaliyopakwa nta, alimpitisha kwenye safu nzima.

"Kila mtu ana sababu yake ya kuchukua mpya, mama. Wengine dhamana, wengine rangi. Wewe?"

"Hii nyekundu imetembea maili ngapi?"

"Haijafika mbili. Kutoka kwenye lori mpaka hapa ndani."

"Nani aliiendesha?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulikuwa peke yako?"

Bwana yule alianza kucheka, akaona mwenzake hacheki, akaacha. "Peke yangu, mama."

"Ondoa kiti cha nyuma. Na vikanyagio vyake."

"Lakini ukitaka siku moja kumbeba mtu—"

"Nimeshabeba," Rosalie akasema.

Mwezi wa tano uliofuata aliomba likizo, kitu ambacho meneja wetu hakujua hata fomu yake iko wapi. Alikwenda magharibi, kwenye vilima vya mchanga, siku tano peke yake. Siku ya tatu nilipata kadi ya posta: picha ya bwawa na ng'ombe. Nyuma aliandika kwamba jana alizima injini juu ya kilima, akakaa kando yake saa nzima akisikiliza chuma kikipoa, na kwamba safari hii ilikuwa mara yake ya kwanza tangu akiwa na miaka thelathini na minane kulala nje ya wilaya yetu. Akaongeza chini, kwa herufi ndogo, kwamba huenda akachelewa kurudi kazini.

Alichelewa siku mbili.