Nani Atatikisa Finjani Kwanza

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Itifaki alinitazama mikono, si uso. Itifaki ni ile kazi ya kupanga nani akae wapi na nani aamkiwe kwanza. Nyinyi vijana mna vyeti. Mie nilikuwa na chuo cha Kurani na mkono usiotetemeka. Akanambia, "Khamis, hapa utatia kahawa. Husemi, husikii, na humwachi mgeni mpaka atikise finjani."

Finjani ni kikombe kidogo kisicho mkono. Ukitosheka unaitikisa, usipotikisa, natia tena. Mke wangu hutikisa baada ya moja, ana presha, lakini hayo mengine.

Nilianzia wizarani, kisha nikahamishiwa nyumba ya wageni wa serikali upande wa Qantab, pwani nje ya mji. Huko walikuja wajumbe wa mataifa mawili makubwa yaliyokuwa yakitishiana mbele ya dunia nzima. Mkuu alishatuonya: wasipozungumza leo, kesho wanapanda ndege, na aibu ni yetu.

Ili asiwepo wa kwanza wala wa pili, tukawatilia kwa pamoja, mie nikimtilia mkuu wa msafara huu, mwenzangu Saidi akimtilia wa msafara ule. Finjani ya tatu, hakuna aliyetikisa. Ya tano. Hapo nikafahamu: wamefundishwa ada yetu, tena vizuri, lakini kila mmoja anaona atakayetikisa mwanzo ndiye aliyeshindwa. Ya saba, mzee wangu jasho linamchirizika. Saidi akaninong'oneza, "Hawa watatufia hapa." Mkuu kasimama ukutani, na yeye kafungwa na ada ile ile, maana kuondoa dele, birika la kahawa, mbele ya mgeni ni kumfukuza.

Basi nikajitilia mwenyewe. Nikanywa mbele yao, nikatikisa, nikasema kwa Kiswahili, maana lugha zao sizijui, "Mie nshatosheka, wazee wangu."

Wakanitazama. Wakatazamana. Wakatikisa pamoja, yule wa Saidi akicheka mpaka akapaliwa. Tukatoka, mlango ukafungwa, mazungumzo yakaanza.

Nje Mkuu akanikabili. "Nani alikwambia unywe?"

Nikasema hakuna.

"Kesho kunywa kwenye ya pili. Usingoje ya saba."

Nikafanya hivyo mpaka nilipostaafu. Sasa nnakaa mjini, mtaa wa Ghubra, nasikia kwenye televisheni ati wakubwa hawawezi kuelewana. Wanaweza sana. Wanachohitaji ni mdogo wa kushindwa badala yao. Mie nimeshindwa mbele ya wakubwa wengi, na najivunia kila mmoja.