Siku Waliyomfuta Dada Radi

Perpétue hakuwa mtu wa kusahau, na Okeny alipaswa kulijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote, maana alimwajiri akumbuke.

Kwa miaka tisa, katika chumba cha ghorofani kule Nakasero ambako vitabu vya katuni vya Okeny vilitengenezwa, mwanamke huyu Mkongo wa Rutshuru ndiye aliyemchora Dada Radi, ndiye aliyejaza maneno kwenye viputo vya usemi vya mashujaa wote sita, na ndiye aliyetunza daftari. Lilikuwa kaunta buku la jalada jekundu, limevimba kwa gundi na vipande vya karatasi. Humo aliandika kila kilichowapata mashujaa: nani kazaliwa wapi, nani kavunjika mkono katika toleo la ngapi, nani kafa, nani kafufuka bila maelezo. Waliofufuka bila maelezo walikuwa wengi.

Kinara wao alikuwa Afande Chuma, shujaa aliyechorwa na Okeny mwenyewe, mwanajeshi asiyepenywa na risasi, aliyekosa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Katika toleo la tatu alizaliwa Gulu. Katika la kumi na tisa akazaliwa tena, safari hii Lira. Katika la kumi na mbili alizama ziwani mbele ya umati uliomlilia, na katika la kumi na tano akaonekana Nateete anakula chapati ya mayai waiitayo roleksi, mkavu kabisa, hata viatu havijaloa. Perpétue alipomwonyesha Okeny mambo hayo daftarini, Okeny alicheka akasema wasomaji hawaangalii vitu vidogo.

Waliangalia. Goretti, aliyeuza magazeti na vitabu hivyo karibu na soko la Nateete, alikuwa akimsimamisha Perpétue kila wiki. "Wewe mama wa katuni, huyu Afande alikufa ama hakukufa? Watu nanisumbua hapa." Maswali hayo yalimuudhi Perpétue, kwa sababu yeye alipenda kazi isiyo na matundu.

Hatimaye hata Okeny akachoka kuulizwa. Jumatatu moja aliwakusanya wachoraji akatangaza jambo kubwa: mashujaa wote sita wangekutana katika hadithi moja, matoleo manne mfululizo, na hadithi hiyo ingenyoosha kila kilichopinda. Jina lake lingekuwa Siku ya Kunyoosha. Nyuma ya jalada la kila toleo yangechapwa maneno haya kwa wino mwekundu: *Kilichochapwa hapa ndicho kilichotokea. Mengine yote yasahauliwe.* Aliyapenda sana maneno hayo. Aliyasoma mara tatu, kila mara kwa sauti nzito zaidi.

Kisha akamwita Perpétue kando, chini ya picha ya baba yake mwenyewe iliyotundikwa juu ya kompyuta.

"Perpétue, hii Dada Radi iko na shida," alisema. "Toleo ya nane iko kwa kambi ya wakimbizi, Nakivale. Mwezi hiyo hiyo iko Nateete, nasimamisha mafuriko. Mtu moja haiwezi kuwa mahali mbili."

"Na Afande Chuma alikufa, bosi."

"Hiyo tutarekebisha. Chuma ndiyo jina ya kampuni."

"Sasa Dada Radi ataenda wapi?"

"Haendi mahali. Tunasema hakuwako. Ile kazi yake yote ilikuwa Chuma alifanya, watu walichanganya tu."

Perpétue aliishika meza. "Umuue basi. Miye mwenyewe nitachora namna anakufa."

"Akikufa, watu nauliza yeye narudi lini. Afadhali hakuwako kabisa."

"Sawa, bosi," alisema Perpétue, akarudi kitini pake. Mtu anayemfahamu angeogopa pale pale. Perpétue aliyekasirika kidogo hupayuka hadi majirani wafunge madirisha. Akikasirika kweli husema sawa.

Dada Radi hakutoka kichwani mwa mtu. Alikuwa Estelle, dada yake Perpétue, aliyekuwa na miaka kumi na tisa siku walipokimbia kijiji chao kilichokuwa kikiungua. Perpétue alikuwa na kumi na tatu. Walikuwa wameshafika kwenye migomba ya mwisho, salama kabisa, pale mdogo mtu alipoanza kulia kwamba ameacha mkoba wenye kalamu zake za rangi. Estelle akamsonya, akamwambia kaa hapa usitikisike, akarudi mbio nyumbani. Hakutoka tena. Hakuna kaburi, na hakuna picha iliyovuka mpaka wa Bunagana. Wazazi walishafariki. Duniani pote, mtu pekee aliyejua kwamba kulikuwa na msichana anayeitwa Estelle ni yule aliyelilia kalamu.

Ndiyo maana alimchora. Alimpa radi mikononi na mbio ambazo moto hauwezi kuzifikia, na kila toleo Dada Radi aliingia ndani ya nyumba inayoungua akatoka. Alimfunika uso kwa kitambaa cheusi, yaonekane macho tu. Wasomaji walidhani ni mtindo. Ukweli ni kwamba Perpétue alijaribu uso ule mara nyingi na mkono ukamgomea.

Okeny hakuyajua hayo kwa kuwa hakuwahi kuuliza, miaka tisa. Lakini ya kwake aliyasema. Siku moja walipokuwa wanakula maharage mezani alimweleza jinsi baba yake, sajenti, alivyopoteza kidole cha mkono wa kushoto akimwokoa mwenzake, na jinsi alivyouawa barabarani mwaka uliofuata, Okeny akiwa darasa la pili. Afande Chuma ndiye yeye. Perpétue alilia siku ile, maharage yakapoa. Baadaye aliandika daftarini: *kidole, mkono wa kushoto, ni cha baba.*

Basi sasa alilifungua daftari ukurasa ule ule, akautazama kwa muda mrefu sana. Alitaka kumuumiza Okeny. Hakutafuta neno zuri la kuliita jambo hilo, wala mimi sitamtafutia.

Pale ofisini kulikuwa na desturi ya kazi. Okeny akishazikubali kurasa hakuzisoma tena, alisema mtu anayejirudia anajitilia shaka. Perpétue ndiye aliyejaza viputo mwishoni kabisa, akapiga muhuri wa kampuni mgongoni mwa kila karatasi, akafunga bahasha na kuipeleka Nakivubo, kwa Pitshou mwenye mashine ya kuchapa. Na Pitshou aliwahi kudanganywa na mtu aliyemletea kurasa za wizi, kwa hiyo alikuwa na sheria moja: chenye muhuri kinachapwa, kisicho na muhuri kinarudi. Muhuri ulikaa kwenye mkoba wa Perpétue, pamoja na biblia na pipi za kikohozi.

Matoleo matatu yalishatoka, na wiki ya toleo la nne Okeny alikuwa anahangaika na hoteli ya kulizindulia. Perpétue aliomba afanyie kazi nyumbani kwake Nateete, akaruhusiwa. Alichora upya kurasa nne za mwisho kabisa, ambazo Okeny alishazikubali. Hakuwa amewahi kuchora vizuri vile.

Zilianza pale pale alipotaka Okeny: Afande Chuma amesimama juu ya Dada Radi, ameinua mkono wenye vidole vinne, anakaribia kumfuta. Kisha, ukifunua, hakuna vita tena. Kuna hema la kambini mchana wa mvua, na mwanamke mwenye kitambaa usoni anawasimulia watoto walioketi juu ya mkeka.

"Lakini jana ulisema alizaliwa Gulu," mtoto mmoja analalamika.

"Nilisema Gulu?"

"Na ulisema alizama! Mbona leo anakula roleksi?"

"Nilikuwa nimechoka, wanangu. Mwenye kutunga naye huchoka."

Na mtoto mdogo kuliko wote anauliza Afande Chuma anaishi wapi, wakamtembelee. Dada Radi anamjibu kwa upole kwamba haishi popote. Hakuna Afande Chuma, hakuwahi kuwepo. Alimtunga yeye, kuwaliwaza watoto wasiokuwa na mtu wa kuwalinda. Katika picha ya mwisho mwanajeshi anayeyuka kama moshi wa mkaa, kuanzia buti, mpaka kunabaki mkono wa kushoto peke yake, na nafasi ya kidole kilichokosekana. Perpétue aliuchora mkono huo kwa siku nzima.

Pitshou alizipindua kurasa mara mbili. "Dada, bosi ameona hizi?"

"Muhuri unauonaka?"

"Ninauona."

"Njo hivyo," alijibu kwa Kiswahili cha kwao: ndiyo hivyo.

Uzinduzi ulifanyika Ijumaa katika hoteli moja ya Nakasero. Wageni waligawiwa vitabu mlangoni, na Okeny alipopanda jukwaani wengine walishafika mwisho. Wakaanza kushangilia. Akainama kwa heshima, akaweka mkono kifuani, akashukuru kwa Kiingereza na kwa Kiacholi. Walivyozidi kupiga makofi ndivyo alivyozidi kuinama. Ndipo akafungua ukurasa wa mwisho, ausome kwa sauti, na humo akaukuta mkono wa kushoto peke yake. Perpétue alisimama nyuma karibu na meza ya sambusa, na kila alichotaka kukiona alikiona.

Okeny angeweza kukataa. Angeweza kusema ni hujuma, akachapa upya. Kilichomshinda ni kwamba mambo yalinyooka. Gulu na Lira, ziwa na roleksi, kambi na mafuriko, matundu yote ya miaka tisa yalizibwa na mwanamke mmoja aliyechoka anayewasimulia watoto. Kesho yake Goretti aliuza vitabu vyote kabla ya saa sita mchana, akampigia Perpétue kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Sasa naelewa! Kumbe huyo mwanaume hakuwako! Mimi nilijua toka zamani!" Na nyuma ya jalada, kwa wino mwekundu, kulikuwa na maneno ya Okeny mwenyewe. Kilichochapwa ndicho kilichotokea.

Furaha aliyokuwa nayo Perpétue haikuwa ya Kikristo. Alijua, na Jumapili hakuitubu. Aliimba kwaya kwa sauti kubwa kuliko kawaida yake.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, Okeny alibisha mlangoni kwake. Hakuwa ameleta barua ya kumfukuza wala polisi. Alikaa kwenye stuli, mikono katikati ya magoti.

"Mama yangu amepiga simu kutoka Gulu," alisema. "Wajukuu walimsomea. Ananiuliza, Okeny, kwa nini umesema baba yako hakuwako?"

Perpétue alikuwa anachambua mchele. Hakuacha.

"Wewe ulijua," Okeny alisema. "Ile kidole. Mimi nilikuambia."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

Akaliweka sinia chini, akamwambia. Alimwambia migomba, mkoba, kalamu, nyumba. Alisema yote bila kulia, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni, na alipofika mwisho Okeny alikuwa amefunika uso kwa viganja.

"Weye uko na picha ya baba kwa ukuta," alimaliza. "Uko na mama anakumbuka. Estelle alikuwa na ile katuni tu, na weye ulinichukulia. Njo hapo unaniuliza kwa nini."

"Nisamehe," alisema Okeny. "Mungu anaona, sikujua."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza. Nisamehe, Perpétue. Lakini kuna njia ya kumrudisha? Wewe ndiyo unajua daftari."

"Iko. Wote wawili wanaweza kurudi, na hakuna tundu litabaki. Nimeshaiandika." Alilileta daftari jekundu, akalikalia. Kisha akamwekea Okeny mezani karatasi na penseli. "Kwanza utamchora. Bila kitambaa. Miye nitakuambia, weye utachora, mpaka afike."

Okeny hakubisha. Perpétue akaanza kumwambia: uso mpana, taya la mama. Nyusi ya kushoto imekatika, aliungua na jiko akiwa mdogo. Pengo la meno mbele, analificha kwa mkono akicheka, kwa hiyo chora mkono. Hapana, vidole vyembamba zaidi. Ya kwanza ilikuwa msichana yeyote wa mjini. Ya pili ilikaribia. Okeny alifuta nyusi akairudia, akalegeza kona ya mdomo kidogo, kama mtu anayetaka kusonya lakini anakupenda, akamgeuzia karatasi ya tatu.

Alikuwa Estelle. Alikuwa Estelle mwenyewe, pale penye migomba, anamwambia kaa hapa usitikisike.

Perpétue aliitazama. Aliichukua taratibu, akaiweka ndani ya biblia, akaifunga. Nje walikuwa wanasukuma gari lililokwama, na Okeny alikuwa anamtazama usoni kama mwanafunzi anayesubiri majibu.

"Si yeye," alisema. "Rudia."

Akarudia mpaka jua likazama, karatasi ishirini na mbili, na kila aliyoileta Perpétue alimwambia si yeye, bado amelikalia daftari.