Gharama ya Pua Safi

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufagio, koti lililonifika magotini, na onyo.

"Chai inakunywa kila harufu iliyo karibu nayo," msimamizi wa zamu aliniambia. "Ukijipaka mafuta ya manukato, itayanywa. Ukila kitunguu kibichi, itakinywa. Ukivuta sigara humu ndani, nitakunywa wewe."

Nilikuwa nimetokea Makambako, ambako nilipakia viazi kwenye malori. Kabla ya viazi nilichana mbao, kabla ya mbao nilichunga ng'ombe wa misheni, na kabla ya ng'ombe niliacha shule darasa la tano, kwa sababu nilikaa dirishani na dirisha lilitazama barabara. Kiwanda kile cha chai, nje kidogo ya mji wa Njombe, nilipanga kukipa msimu mmoja tu. Kilichonishika si mshahara, ni maswali. Kila mlango niliofagia mbele yake, nilitaka kujua ndani kunafanyika nini.

Vijana wanaokunywa chai bila kuijua, niwaeleze kwa kifupi. Jani likitoka shambani hupandishwa ghorofani kunyaushwa. Hulazwa juu ya vitanda virefu vyenye wavu, na feni hupuliza hewa kutoka chini hadi lilegee kama kitambaa. Kisha hushuka kwenye mashine za kukata. Likitoka hapo ni unga wa kijani wenye majimaji, na ndipo huingia chumba cha kuchachusha. Humo halifanyiwi chochote. Linatandazwa, linaachwa, lenyewe linageuka kutoka kijani hadi rangi ya shaba, na harufu yake inatoka kwenye majani mabichi inakwenda kwenye tunda lililoanza kulainika. Likiondolewa mapema, chai inakuwa mbichi, inakwaruza ulimi. Likichelewa, inapooza. Saa haisaidii sana, maana Njombe ya ukungu na Njombe ya jua ni nchi mbili tofauti. Kwa hiyo kila zamu ilikuwa na mnusaji, mtu wa kuchota jani kwa kiganja, kulinusa, na kusema, "Toa."

Nilimsumbua mnusaji wa zamu yetu kwa maswali hadi akachoka kunifukuza. Alipostaafu, Meneja wa Kiwanda aliniita. Alikuwa mtu mrefu, asiyepaza sauti hata mashine zikiunguruma.

"Mgaya, umesoma hadi wapi?"

"Darasa la tano, mzee."

"Pua yako je?"

"Hiyo bado inasoma."

Hakucheka, lakini kazi akanipa.

Tatizo ni kwamba nilikuwa mvutaji, na mvutaji mzuri. Kiwandani mvutaji alikuwa na haki moja ambayo wengine hawakuwa nayo, nayo ni kwenda getini. Alivua koti, akatoka hadi chini ya mikaratusi, akavuta, akanawa mikono kwa majivu, akarudi. Asiyevuta akiomba kutoka aliitwa mvivu. Kwa mtu asiyetulia kama mimi, sigara ilikuwa mlango. Getini ndiko nilikoona magari yakipita, nikasikia wapi wanatafuta watu, wapi barabara mpya inapasuliwa. Msaidizi wangu Kaduma, kijana wa Mjimwema, tulitoka naye kila mara. Yeye alivuta na kuniuliza, mimi nilivuta na kutazama barabara.

Kisha kifua kikaanza. Kwanza nilikohoa asubuhi, baadaye nikakohoa juu ya jani, jambo ambalo kwa mnusaji ni aibu. Siku moja nikapanda ngazi za ghorofani kuangalia jani linavyonyauka, nikalazimika kukaa katikati ya ngazi. Mimi niliyebeba magunia ya viazi! Nilishika ile reli ya chuma na kuogopa kweli. Mtu wa kuhamahama hana shamba wala nyumba. Mali yake ni pumzi. Ikiisha, ndiyo amefika, popote pale alipo.

Nikaacha. Sitawadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mikono ilikosa kazi, usingizi ulikatika, niligombana na mashine. Niliomba kwenda getini, msimamizi akaniuliza, "Kufanya nini? Kuhesabu miti?" Nikawa nazunguka chumba cha kuchachusha kama kuku aliyefungwa mguu. Nikatafuna karafuu ili kutuliza mdomo, hadi Meneja alipoonja chai ya zamu yetu, akatema, akauliza nani ameitia pilau. Karafuu nikaziacha pia.

Lakini hayo yote nilikuwa nimeyatarajia. Nisilolitarajia ni pua kurudi.

Ilirudi ghafla. Asubuhi moja nilisikia harufu ya udongo, ya grisi, ya sabuni ya kipande kwenye shati la Kaduma. Nikafurahi kama mtoto. Nikachota jani, nikanusa, tunda lile hapo! Nikasema, "Toa." Kaduma akanitazama.

"Kaka, mbona bado kijani?"

"Nani mnusaji hapa?"

Kesho yake kwenye chumba cha kuonjea, vikombe vikiwa vimepangwa mstari, Meneja alionja vya zamu yetu na kusema neno moja: "Mbichi." Siku iliyofuata, mbichi. Nikaamua kusubiri kwa kubahatisha, ikapooza. Ndipo nikaelewa kilichotokea. Kipimo changu chote nilikuwa nimekijenga kwa pua ya mvutaji. Pua ile iliyoziba nusu ilisubiri tunda lipige kelele ndipo ilisikie, na kufika hapo chai ilikuwa tayari. Hii mpya ilisikia tunda likinong'ona tu. Nilikuwa nimepata pua nzuri na kupoteza kazi ya pua.

Meneja aliniita ofisini. Juu ya meza palikuwa na sigara moja, isiyo na kichungi, aina niliyokuwa navuta.

"Pua yako itachukua muda gani kujifunza upya?"

"Sijui, mzee."

"Na chai haitasubiri ujue." Aliisukuma ile sigara kwangu kwa kidole. "Miaka yote nakataza moshi, leo naomba. Nenda getini. Vuta, urudi uninusie kama zamani. Usiporudi hivyo, kesho upo kwenye kuni."

Kwenye kuni maana yake kulisha tanuri, kazi ile ile niliyopewa kwanza nilipotoka kwenye ufagio.

Nilitoka. Kaduma alikuwa chini ya mikaratusi, akaniona na sigara mkononi, akacheka tangu mbali na kunisalimu kwa Kibena.

"Kamwene, mpotevu! Karibu nyumbani." Akawasha kiberiti, akakikinga upepo kwa kiganja.

Niliipeleka sigara mdomoni, na kwa mazoea ya kazi nikainusa kwanza. Ilinukia zabibu kavu na nyasi zilizokatwa jana. Nilistaajabu. Miaka yote nilikuwa naiunguza bila kuijua.

"Unaivuta au unaionja?" Kaduma akauliza. "Kiberiti kinaniunguza vidole."

Niliwaza ile ngazi. Niliwaza pia kazi yangu, kazi pekee iliyowahi kunifanya nisitazame barabara. Barabara ilikuwa pale, inapanda kuelekea mjini, na nilitaka niweze kuipanda.

"Chukua," nikamwambia. "Na nafasi yangu chukua. Pua yako bado ya zamani."

"Usinitanie, kaka."

"Sikutanii. Harufu ikikupigia kelele, ndipo utoe."

Kesho yake nilikuwa kwenye kuni, kati ya watu wote wanaovuta, na Kaduma akawa mnusaji. Na alikuwa mnusaji mzuri kuliko mimi, hilo lisemwe. Mimi nilikaa na tanuri hadi msimu ukaisha, nikahamia ghala la chai Makambako, nikatoka, nikarudi, nikaenda kwenye nguzo za umeme, kisha parachichi, kisha ulinzi. Cheo kile sikukipata tena mahali popote.

Sasa nimestaafu, kama mtu asiyekaa anaweza kustaafu. Nimepanga chumba mtaa wa Ramadhani na kila asubuhi naupanda mlima wote bila kushika ukuta. Vijana huniuliza kama kuacha sigara kunalipa. Nawaambia mimi kulinigharimu kazi niliyoipenda, na gharama hiyo niliilipa mara moja. Kaduma hakudaiwa kitu siku ile. Alijenga Mjimwema, nyumba ya bati jekundu, akasomesha watoto.

Juzi nilikwenda kumwona hospitali ya Ikonda. Alikuwa ameketi kitandani, mpira wa hewa puani, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Mke wake alinipisha kiti. Nilikuwa nimebeba chai kwenye chupa, chai ya kiwanda chetu.

"Kaka," akasema, akapumzika. "Ile nyumba nimeijenga kwa pua yako."

"Niliiacha bure. Uliifanyia kazi wewe."

"Sasa haisikii kitu. Hata dawa zao hizi, sisikii." Alitazama chupa. "Imeiva hiyo?"

"Subiri nimimine."

"Usinipe kwanza." Akafumba macho. "Ninusie."

Nikamimina kikombe, nikakiinamia, nikavuta pumzi ndefu iliyofika hadi chini, nikaanza kumweleza.