Siku Nilipomuua Mama Mkwe kwa Kompyuta

Jamani, nimeshafanya mambo ya aibu maishani, nimeshasimama kuhutubia mbele ya wakubwa zipu iko wazi, nimeshampa shikamoo mtu niliyemzidi umri, lakini hakuna aibu iliyonipata kama ile ya kumuua mama mkwe wangu Jumamosi asubuhi, halafu nikapanda gari la ofisi kwenda kumlilia mimi mwenyewe, kwa machozi ya kweli kabisa. Nawasimulia kwa sababu najua mmeshaisikia nusunusu huko mitaani (na wengine mmeiongezea chumvi, nawajua), bora muisikie kwa muuaji mwenyewe.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ni afisa TEHAMA hapa Kilwa Masoko, na kwa lugha nyepesi kazi yangu ni kuifanya mifumo ya serikali isomane. Maana ilivyokuwa zamani kila ofisi ilikuwa na mfumo wake, na kila mfumo ulikuwa na fundi wake aliyekuja, akajenga, akaondoka: daftari la wakulima wa korosho kivyake, la vizazi na vifo kivyake, la matibabu ya wazee kivyake. Huyu anaandika tarehe kwa kuanza na siku, yule anaanza na mwaka. Huyu majina matatu kayabana kwenye kisanduku kimoja, yule ana visanduku vitatu. Kwa kuwa mifumo haina waya wa kuiunganisha, mwananchi ndiye anakuwa waya, anabeba kopi za kitambulisho dirisha hili hadi dirisha lile ili kuthibitisha kwamba yeye ni yeye.

Katika wananchi hao alikuwemo mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa Saidi Hamisi, mjane, anayeishi kijijini kwao nusu saa kwa bodaboda kutoka hapa, na mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mwaka ule alishakuja Masoko mara tatu kufuatilia salfa ya ruzuku, ile dawa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiriunga, na mara zote tatu aliambiwa akalete kopi nyingine. Salfa ikichelewa, korosho hakuna, na korosho zisipokuwepo mama hana kitu kingine cha kumfikisha mwaka mwingine. Akaniambia, uso kaugeuzia pembeni maana mimi ni mkwe: "Baba, si wewe ndiye unayekaa na hizo kompyuta? Basi ziambie mimi ni nani."

Nikamwahidi nitaziambia. Mpango ulikuwa hivi: Jumatatu wageni wa mkoani wanakuja kuona mifumo mitatu ikisomana, wakiridhika, mgao wa salfa wa Jumanne utatumia orodha yetu, mtu anakwenda ghalani na namba yake ya kitambulisho, basi. Wasiporidhika tunarudi kwenye kopi. Tatizo ni kwamba mwongozo wa viwango (kitabu kinene, nimekisoma chote, msidhani nilifanya kwa kutojua, nilifanya kwa kiburi) unasema rekodi za mtu ziunganishwe kwa namba ya kitambulisho cha taifa, siyo kwa majina, na kwenye daftari la wakulima wa kijiji kile zaidi ya nusu walikuwa hawana namba. Tulishaitisha mikutano ya uhakiki mara nne. Mkutano wa kwanza alikuja mwenyekiti wa kijiji na watu wawili waliokuwa wanapita. Wa nne hata mwenyekiti hakuja.

Ndiyo Jumamosi ile, niko peke yangu ofisini na chai na mihogo ya kuchemsha, nikafanya uamuzi mdogo tu. Nikasema, namba haipo, sawa, lakini majina matatu yapo na kijiji kipo, vikilingana vyote si ni mtu huyohuyo? Mgeni angesamehewa. Lakini mimi mtoto wa Kilwa, ninayejua kabisa kwamba huku mtoto anapewa jina la babu na babu naye alipewa la babu yake, kwamba ukiita "Saidi Hamisi!" pale sokoni wanageuka watu wanane, mimi sina utetezi. Tena badala ya kujaribu kwenye daftari la majaribio lenye watu wa kubuni, nikajaribu kwenye daftari lenyewe. Nikabonyeza. Mifumo ikasomana vizuri mno, nikajipongeza kwa muhogo mwingine.

Nilichosahau ni kwamba mfumo ukikuta mkulima ameandikwa kwenye vifo, unatuma meseji kwa ndugu zake na kwa mtendaji wa kijiji, ili salfa yake ihamie kwa mrithi. Meseji hiyo niliitunga mwenyewe, miezi mingi nyuma, na niliiona ina adabu.

Haikupita nusu saa, simu ikaita. Mke wangu Asha, analia hata maneno hayatoki. "Mama... mama hatunaye!" Sikuuliza amekufa na nini, sikuuliza nani kasema. Tukapiga simu ya mama, haipatikani (kumbe kaiacha dukani inachajiwa). Basi nikalia. Nililia pale mezani mpaka mlinzi akaja kunishika bega. Nikampigia bosi wangu Bi Rehema, mkuu wa kitengo, mwanamke asiyepoteza maneno, naye akasema: "Poleni. Nakuja na gari." Akaja na lile gari refu jeupe la ofisi, tukampitia Asha, tukapakia gunia la mchele, tukaondoka. Njiani akaniuliza kwa upole kazi ya Jumatatu imefikia wapi, na mimi, huku napenga kamasi, nikamjibu kwamba asiwe na wasiwasi, mifumo inasomana vizuri sana.

Kijijini sasa. Uwanja wa mama umejaa pomoni, wanawake wamejifunga khanga, wanaume wako kwenye majamvi, majembe yameegemezwa ukutani, kila kitu kipo isipokuwa maiti. Kwa kuwa mama hayupo nyumbani na simu haipatikani, watu walishakubaliana kwamba kafia hospitali Masoko na anayemleta ni mkwe wake. Kwa hiyo gari refu jeupe lilipokata kona, kilio kilichopanda pale sijapata kukisikia. Wanaume sita wakalikimbilia, wakafungua mlango wa nyuma kwa heshima zote, wakanyoosha mikono kupokea mwili, wakapokea gunia la mchele.

"Mama yuko wapi?" akaniuliza Mzee Bakari, kaka mkubwa wa mama.

"Si yuko kwenu, mzee?"

Tukatazamana. Na katika kutazamana huko, kwenye njia ya shambani akatokea mwanamke ana jembe begani na mzigo wa kuni kichwani. Akaona umati nyumbani kwake. Akatupa kuni, akatupa jembe, akashika kichwa: "Uuuwi! Nani kafa jamani? Nani kaniacha mie?" Na wallahi akaanza kulia, alimlilia yule marehemu kuliko sisi wote, akamkumbatia mwanamke wa kwanza aliyemfikia, na yule mwanamke alipomtazama vizuri anayemkumbatia, akaenda chini puu.

Nafupisha. Wa kukimbia walikimbia, wa kusoma dua walisoma, Asha akamrukia mama yake wakaangukia wote jamvini. Aliyenimaliza ni mtendaji. Alisimama katikati ya uwanja akaisoma ile meseji tena, taratibu, kila mtu asikie: "Tunatoa pole kwa msiba wa mpendwa wenu Mwanahawa Saidi Hamisi. Mrithi afike ofisini kwa taratibu za salfa." Salfa! Nani mwenye akili timamu anatia salfa kwenye rambirambi? Kilwa nzima ni mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amesimama pale, macho mekundu, na leso ya kuazima mkononi.

Bi Rehema akanigeukia. "Umejaribu kwenye daftari lenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa majina?"

"Ndiyo, bosi."

Akafumba macho.

Nikapiga magoti mbele ya mama mkwe, kijiji kizima kinatazama, nikaeleza kwamba yupo Mwanahawa Saidi Hamisi mwingine wa kijiji hichohicho aliyefariki, Mungu amrehemu, na mimi nimeiambia kompyuta kwamba huyu ndiye yule. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikuwa nasubiri kofi, au kibaya zaidi, nasubiri aseme anamchukua mwanawe.

Mama akafuta machozi yake (yale ya kujililia mwenyewe), akauliza jambo moja. "Sasa kama mimi maiti, Jumanne salfa nachukuaje?"

"Huchukui, mama. Mpaka namba yako iingie. Na wenzako wote wasio na namba, hivyohivyo."

"Namba si niliwapa? Kopi mara tatu!"

"Ziko kwenye mafaili, mama. Daftarini hazijaingia."

Akafungua pindo la khanga, akatoa kitambulisho kimefungwa kwenye nailoni, akanikabidhi. Halafu akaugeukia umati. "Na ninyi? Mmeitwa mikutano minne mkasema hamna nafasi. Leo nafasi mmeipata wapi?"

"Dada, leo msiba," akasema Mzee Bakari kwa sauti ndogo.

"Haya, msiba ndio huu! Mchele mmeshaleta, na mchele wa msiba haurudi kwenu. Utapikwa. Lakini hali mtu hapa kabla mkwe wangu hajakiona kitambulisho chake. Aliyekiacha nyumbani akakifuate, sufuria zitamngoja."

Weee! Mngeona. Watu walitawanyika kama wameambiwa nyumba zao zinaungua, wakarudi na vitambulisho vilivyotoka chini ya magodoro, ndani ya makopo ya sukari, nyuma ya picha za harusi. Bi Rehema alishafungua kompyuta juu ya boneti, mimi na kishikwambi chini ya ukuta, mtendaji anathibitisha: huyu ni yeye, huyu ni yeye, huyu sogea mbele tukuone. Kumbe yupo na Mwanahawa Saidi Hamisi wa tatu ukimhesabu marehemu, huyu yu hai, akasimama bega kwa bega na mama mkwe wangu, kila mmoja na namba yake, hata mjinga wa aina yangu asingeweza kuwachanganya tena. Akina Saidi Hamisi walipanga foleni yao peke yao. Mchana ndugu wa Mingoyo wakashuka kwenye Hiace ya kukodi wanalia, wakaambiwa nyamazeni, mwenye mkorosho hapa aende kule, asiye nao aende jikoni. Mjomba mmoja wa Songo Mnara, asiye hata na mche mmoja, alijipanga akilia na akafika mbele bado analia, hakuna aliyemwelewesha, tukampa sahani.

Kabla ya adhana ya alasiri, kisanduku cha mwisho kilichokuwa kitupu kikajaa. Nikaunganisha upya, safari hii kwa namba. Hakuna aliyekufa. Nikasimama nikapiga kelele, "Wote wamesoma!" na wanawake wakapiga vigelegele, na sidhani kama kuna matanga mengine pwani hii yaliyowahi kuisha kwa vigelegele. Nilijisikia mtu, jamani. Nilijisikia mkubwa.

Jumatatu kiongozi wa wale wageni akachagua kijiji mwenyewe, akachagua hichohicho, akaingiza namba anazotaka, na kila namba madaftari matatu yakamjibu kitu kimoja. Akavua miwani. "Huku kwingine kote uhakiki umetushinda. Ninyi mlitumia mbinu gani?"

Bi Rehema akanitazama mimi. "Tuliwafikia kupitia shughuli za kijamii," nikasema. Akaandika. Akasema tuiandike vizuri, vijiji vingine viige. Bi Rehema akashikwa na kikohozi akatoka nje.

Jumanne saa nne asubuhi mama mkwe akanipigia, mwenyewe, bila kupitia kwa Asha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Baba, salfa nimechukua. Nimetaja namba tu wakanipa. Sijaombwa karatasi hata moja, mpaka nimewauliza kama wana uhakika." Kisha akakata simu, na mimi nikakaa na ile simu sikioni muda mrefu, nacheka peke yangu na machozi yananitoka.

Lakini nimekoma. Siunganishi tena mtu kwa majina hata awe na majina sita, na nikilazimika kujaribu kitu kwa jina la mtu wa kweli, natumia langu. Mwezi uliopita peke yake nimekufa mara nne. Asha meseji inamkuta jikoni, anaisoma mpaka mwisho, anachungulia sebuleni ananiona nakula, anaifuta.